Kodi, Muda au Usalama: Ulinganisho wa Njia Tano za Kuamua Malengo Yanapokinzana

Anayetafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam hutaka mambo matatu kwa pamoja: kodi nafuu, safari fupi ya kwenda kazini, na mahali ambapo mvua za masika hazitamtoa kitandani usiku. Ni nadra mambo hayo matatu kupatikana chini ya paa moja. Hali ni hiyohiyo kwa mchora ramani anayetaka nyumba yenye hewa, salama dhidi ya wezi na ya bei ndogo, na kwa kamati ya zabuni inayotaka kazi bora, ya haraka na ya gharama ya chini. Wote hao wana malengo yanayovutana, na kila mmoja, ajue asijue, hutumia njia fulani ya kuyapatanisha.

Njia hizo si sawa. Taarifa zilezile zikipitishwa katika njia mbili tofauti zinaweza kutoa majibu mawili tofauti, na mwamuzi akaamini kwamba hesabu ndiyo iliyoamua, ilhali kilichoamua ni njia aliyoichagua bila kuifikiria. Kwa sababu hiyo nitazilinganisha njia tano kwa kutumia mfano mmoja, ili tofauti zake zionekane kwa tarakimu.

Mfano ni wa familia ambayo mama anafanya kazi Posta, katikati ya jiji, na watoto wanahitaji vyumba vitatu. Nyumba sita zimepatikana, zote za vyumba vitatu. Majina ya maeneo ni halisi, lakini kodi na dakika nimeziweka kwa ajili ya mfano tu.

| Nyumba | Kodi kwa mwezi (shilingi) | Dakika hadi Posta | Mafuriko |
|---|---|---|---|
| Kigogo, bondeni | 300,000 | 30 | maji huingia |
| Mbagala | 300,000 | 85 | salama |
| Kigamboni | 380,000 | 70 | salama |
| Kimara | 450,000 | 60 | salama |
| Tegeta | 500,000 | 90 | salama |
| Ilala | 750,000 | 30 | salama |

Kutoa alama na kuzijumlisha

Hii ndiyo njia inayojulikana kuliko zote, na ndiyo inayotumika katika usaili wa kazi, katika tathmini za zabuni na katika mashindano ya ubunifu. Kila kigezo hupewa uzito, kila chaguo hupewa alama kati ya 0 na 100 katika kila kigezo, alama huzidishwa kwa uzito, kisha hujumlishwa. Mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Familia yetu ikikubaliana kwamba kodi ina uzito wa 40, muda 40 na usalama dhidi ya mafuriko 20, na ikizipa nyumba alama kuanzia ile mbaya kuliko zote (0) hadi ile nzuri kuliko zote (100) katika kila kigezo, matokeo ni haya: Kigogo 80, Kimara 66.7, Kigamboni 66.2, Mbagala 63.3, Ilala 60 na Tegeta 42.2. Nyumba inayoingia maji imeshinda, tena kwa mbali.

Hesabu haijakosewa. Imefanya kile hasa ilichotumwa kufanya, yaani kuruhusu ubaya wa upande mmoja ufidiwe na uzuri wa upande mwingine. Kodi ndogo na safari fupi vimelipia mafuriko. Kwa kanuni hii hakuna ubaya usiolipika, almradi uzuri wa kwingine uwe mkubwa vya kutosha. Katika bonde la Msimbazi, ambamo Kigogo imo, malipo ya namna hiyo yanajulikana: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na Serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande, upande wa Bunju. Sidhani kama kuna mzazi ambaye, akiulizwa waziwazi, angekubali kwamba nusu saa ya safari inafidia hatari hiyo. Lakini akijaza jedwali la alama, ndicho anachokubali bila kuulizwa.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuongeza uzito wa usalama. Tufanye hivyo: kodi 30, muda 30, usalama 40. Kigogo inashuka hadi 60, Kimara inaongoza kwa 75 na Kigamboni inafuata kwa 74.7. Tatizo la kwanza limepungua, lakini sasa mshindi anapatikana kwa tofauti ya thuluthi moja ya alama, tofauti ambayo ingefutwa na makosa madogo tu ya kukadiria dakika za foleni. Isitoshe, uzito wa 40 haukutokana na imani yoyote ya familia kuhusu mafuriko, bali umetafutwa ili kutoa jibu lililokwisha kutakiwa.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi na watu wengi hawaujui. Turudi kwenye uzito wa awali wa 40, 40 na 20, kisha tuiondoe Ilala, kwa kuwa familia haina uwezo wa kulipa 750,000 na haikuwa na nia ya kuikodi. Kodi kubwa kuliko zote sasa ni 500,000 ya Tegeta, kwa hiyo kipimo cha alama za kodi kinabadilika. Mbagala inabaki na 63.3, Kigamboni inashuka hadi 57.3 na Kimara inashuka hadi 50. Mpangilio wa nyumba hizo tatu umepinduka kabisa: iliyokuwa ya kwanza kati yake imekuwa ya mwisho, kwa sababu tu ya kuondoka kwa nyumba ambayo hakuna aliyeitaka. Uzito wa 40 haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile ambacho uzito huo unakipima, kwani mwanzo ulipima tofauti ya shilingi 450,000, na sasa unapima tofauti ya shilingi 200,000.

Mbinu ya kulinganisha vigezo viwiliviwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, aliyoibuni Thomas Saaty nchini Marekani katika miaka ya 1970, ilikusudiwa kuwasaidia watu kupata uzito huo kwa utaratibu badala ya kuubuni tu, na imetumika duniani kote. Hata hivyo mwaka 1983 Valerie Belton na Tony Gear walionyesha kwamba nayo inaweza kupindua mpangilio wa machaguo ya zamani pale chaguo jipya linapoongezwa. Anayeuliza familia yake swali la "kipi muhimu zaidi, kodi au muda?" bila kutaja ni kodi ya kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na muda wa kutoka dakika ngapi hadi ngapi, anauliza swali lisilo na jibu, na majibu atakayopata hayatakuwa na maana hata yakiandikwa kwa desimali tatu.

Je, njia hii itupwe? Hapana, na hapa naomba nieleweke vizuri. Katika zabuni za umma njia ya alama ina sifa ambayo njia nyingine hazina: vigezo na uzito wake vinaweza kutangazwa kwenye nyaraka kabla bahasha au faili la kwanza halijafunguliwa, kila mjumbe anaweza kutoa alama peke yake, na mkaguzi anaweza kuja baadaye akahesabu upya. Pale ambapo hatari kubwa ni upendeleo, njia inayoacha nyayo zinazofuatika ni bora kuliko njia yenye busara isiyokaguliwa. Ila hata huko, vigezo vya lazima kama usajili, leseni na uwezo wa kifedha hupimwa kwanza kwa kupita au kutopita, na alama hutolewa kwa waliopita tu. Zabuni hufanya kwa kanuni kile ambacho familia yetu ilipaswa kufanya kwa mafuriko.

Ngazi ya vipaumbele

Njia ya pili haijumlishi chochote. Malengo hupangwa kwa ngazi, na lengo la ngazi ya chini husikilizwa tu pale ambapo machaguo yamelingana katika ngazi ya juu.

Familia ikiweka usalama kwanza, Kigogo inaondoka mara moja, na hakuna mjadala. Ikiweka kodi ya pili, Mbagala inashinda, na dakika 85 hazitamkwi kamwe. Ikiweka muda wa pili, Ilala inashinda, na 750,000 haitamkwi kamwe. Huo ndio ukali wa ngazi: kigezo cha tatu karibu kila mara hubaki bubu, kwa sababu ni nadra machaguo kulingana kabisa katika kigezo cha pili. Hata kama Kigamboni ingekuwa na kodi inayozidi ya Mbagala kwa shilingi 1,000 tu, ngazi ingechagua Mbagala na kupoteza robo saa kila safari kwa ajili ya fedha isiyotosha hata nauli ya siku.

Ngazi inafaa pale ambapo mpangilio wa malengo unatoka katika hali yenyewe na muda wa kufikiri ni mfupi. Anayempokea majeruhi huzuia kwanza damu inayovuja kwa wingi, kisha huangalia njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, na hasimami kupima kama mapigo mazuri ya moyo yanafidia koo lililoziba. Inafaa pia kutenganisha kilicho cha lazima na kilicho cha kutamanika. Lakini kwa vitu vinavyopatikana kwa viwango, kama fedha na dakika, ngazi ni kipofu kwa tofauti ndogo na kubwa, na mimi sishauri kuitumia zaidi ya ngazi ya kwanza.

Kuweka mipaka na kubakiza lengo moja

Hapa mwamuzi huchukua lengo moja tu kuwa la kuboreshwa kadiri iwezekanavyo, na malengo mengine yote huyageuza kuwa mipaka isiyovukwa. Wataalamu wa uhandisi wa mifumo, wakiwemo Haimes, Lasdon na Wismer katika kazi yao ya mwaka 1971, waliifanya kuwa mbinu rasmi ya hesabu, ingawa mama yeyote anayekwenda sokoni na kiasi maalumu cha fedha ameitumia tangu zamani.

Familia inasema: maji yasiingie, kodi isizidi 450,000, na ndani ya masharti hayo tutafute safari fupi kuliko zote. Jibu ni Kimara, dakika 60. Njia hii ina faida mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba mipaka husemwa kwa vipimo ambavyo watu wanavielewa, yaani shilingi na dakika, si kwa asilimia za umuhimu. Ya pili ni kwamba usalama hauwezi kununuliwa na kitu kingine.

Udhaifu wake unaonekana pale mpaka unapowekwa kwa tarakimu nzurinzuri bila sababu. Kama familia ingesema 440,000 badala ya 450,000, Kimara ingeondolewa na jibu lingekuwa Kigamboni, dakika 70. Shilingi 10,000 za mpaka zimebadilisha mtaa, shule ya watoto na namna ya kuvuka kwenda kazini. Mpaka wa kodi unaotokana na mshahara halisi, baada ya kuondoa ada, chakula na umeme wa LUKU, ni mpaka wa kweli. Mpaka uliowekwa kwa sababu ni namba iliyokamilika ni bahati nasibu.

Dawa yake ni rahisi: usiweke mpaka mmoja, usogeze. Anza na 300,000, upate Mbagala. Panda hadi 380,000, upate Kigamboni. Panda hadi 450,000, upate Kimara. Panda hadi 750,000, upate Ilala. Sasa tazama kila hatua imenunua nini. Hatua ya kwanza imelipa 80,000 kwa dakika 15, ambayo ni kama shilingi 5,300 kwa kila dakika ya safari iliyopungua. Ya pili imelipa 70,000 kwa dakika 10, yaani 7,000 kwa dakika. Ya tatu imelipa 300,000 kwa dakika 30, yaani 10,000 kwa dakika. Familia ambayo haikuweza kusema uzito wa muda ni asilimia ngapi sasa inaweza kusema, bila kusita, hatua ipi ni ghali kupita kiasi kwake.

Mpaka wa Pareto na mabadilishano

Orodha hiyo ya Mbagala, Kigamboni, Kimara na Ilala ina jina katika uchumi na uhandisi. Kati ya nyumba salama, ndiyo mpaka wa Pareto, kutokana na Vilfredo Pareto, Mtaliano aliyefundisha Lausanne na kuandika juu ya hoja hii mwanzoni mwa karne ya 20. Chaguo liko kwenye mpaka huo ikiwa hakuna chaguo jingine linalolishinda katika lengo moja bila kushindwa katika jingine lolote. Tegeta haimo, kwa sababu Kimara ina kodi ndogo na safari fupi zaidi, na zote ni salama sawa. Tegeta imezidiwa kila upande, na mtu yeyote, awe na vipaumbele vya aina gani miongoni mwa hivi vitatu, hana sababu ya kuichagua.

Naipenda hatua hii ya kuondoa vilivyozidiwa kwa sababu haihitaji watu kukubaliana juu ya umuhimu wa chochote. Baba na mama wanaweza kutofautiana kabisa kuhusu fedha na muda, na bado wakaifuta Tegeta pamoja. Mjadala unabaki kwenye machaguo yanayostahili mjadala. Ni vizuri, hata hivyo, kukumbuka kwamba Kigogo nayo imo kwenye mpaka wa Pareto, kwani hakuna nyumba nyingine yenye kodi ndogo na safari fupi kiasi hicho. Mpaka huu haujui lipi ni la kuvumilika na lipi si la kuvumilika, na asiyeweka kwanza sharti la mafuriko atakuta nyumba ya bondeni imeketi mezani pamoja na nyingine kwa heshima ileile.

Mpaka wa Pareto unafichua pia kasoro nyingine ya kujumlisha alama. Tuseme kodi ya Kimara ingekuwa 520,000. Kati ya nyumba salama bado isingezidiwa na yoyote, kwa kuwa Kigamboni ni mbali zaidi na Ilala ni ghali zaidi, na familia inayotaka kitu cha katikati ingeweza kuipenda kwa haki. Lakini hakuna uzito wowote wa kodi na muda, uupange utakavyo, ambao ungeipa Kimara ushindi: ukipendelea fedha hushinda Kigamboni au Mbagala, ukipendelea muda hushinda Ilala. Kujumlisha alama kwa namna hii husukuma majibu kwenye ncha, na chaguo la katikati lililo chini kidogo ya mstari unaounganisha majirani zake halionekani kamwe. Wabunifu wanaotumia kompyuta kutafuta maumbo ya daraja au mtandao wa mabomba wanalijua hili, na ndiyo maana programu nyingi za kazi hiyo hutafuta mpaka mzima badala ya kuanza na uzito.

Baada ya kuondoa vilivyozidiwa, kuchagua kati ya vilivyobaki hufanywa kwa mabadilishano. Mizizi yake ni mirefu: mwaka 1772 Benjamin Franklin alimwandikia Joseph Priestley barua akimweleza kwamba hugawa karatasi katika safu mbili, sababu za kukubali na za kukataa, huziongeza kwa siku tatu au nne, kisha hufuta sababu moja ya upande huu pamoja na moja au mbili za upande ule zinapolingana uzito, hadi aone salio liko wapi. Hammond, Keeney na Raiffa waliiendeleza fikra hiyo mwaka 1998 kwa kuuliza swali la wazi zaidi: ni kiasi gani cha lengo hili ungekubali kupoteza ili upate kiasi fulani cha lengo lile?

Kati ya Kigamboni na Kimara swali ni 70,000 kwa dakika 10. Mama akienda kazini siku 26 kwa mwezi, dakika 10 za kwenda na 10 za kurudi ni dakika 520, yaani karibu saa 8 na dakika 40. Kwa hiyo anaulizwa kama angelipa karibu shilingi 8,000 kwa kila saa anayoipata nyumbani. Hilo ni swali ambalo mtu mzima anaweza kulijibu, na jibu lake litabadilika ipasavyo: kama baba naye anakwenda mjini kila siku, saa zinakuwa mara mbili na bei ya saa inashuka hadi 4,000. Hapo ndipo nauli ya kivuko cha Kigamboni au ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara inapoingizwa, kwa kuongezwa kwenye upande wa fedha, bila kubuni kigezo kipya. Na kwa kuwa wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tofauti ya 70,000 ni 420,000 za kutoa siku ya kwanza, mbali na dalali ambaye kwa kawaida hutaka kodi ya mwezi mmoja.

Kwa mtu anayesanifu kitu, kuliko yule anayechagua kilichokwisha kuwepo, njia hii ina thamani ya ziada ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: inamlazimisha aulize kama mpaka wenyewe unaweza kusogezwa. Chukua dirisha la nyumba ya Dar es Salaam. Hewa ya pwani ni ya joto na unyevunyevu, na faraja ya ndani hutegemea upepo kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Dirisha kubwa huleta upepo, lakini huleta jua, mvua ya upande, mbu na mwizi. Nondo hupunguza mwizi na kuongeza gharama, na wavu hupunguza mbu na kupunguza upepo. Fundi anayebishana na mwenye nyumba juu ya ukubwa wa dirisha moja wanagawana kilichopo. Lakini upenu ukirefushwa hukinga jua na mvua kwa pamoja, na dirisha likaweza kukaa wazi hata kunaponyesha. Matundu yakiachwa juu ya ukuta, yenye wavu na madogo kupita mwili wa mtu, huruhusu joto lililojikusanya chini ya bati litoke usiku kucha bila kumwalika mwizi. Malengo mawili yaliyoonekana kupingana yameacha kupingana, kwa gharama ya mbao na bati chache.

Barabara ya Morogoro ina mfano mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi mvutano ulikuwa kati ya kuongeza daladala na kupunguza foleni, maana basi lililo kwenye foleni moja na magari madogo halina namna ya kuwahi. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalipewa njia zake katikati ya barabara, vituo vyenye sakafu ya usawa wa mlango wa basi, na tiketi inayokatwa kabla ya kupanda. Kila kimoja kati ya hivyo kilibadilisha yale yanayowezekana. Mpaka ulisogea, ingawa si bure, kwa kuwa nafasi ya barabara ilichukuliwa na fedha nyingi zikatumika. Na katika mfumo huohuo kuna somo la upande wa pili: karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, karibu na mjini na kwenye njia kuu, lakini kwenye bonde, na imefurika zaidi ya mara moja. Faida ya mahali ilionekana kila siku, na mafuriko yalionekana kwa msimu. Lengo linaloumiza mara chache hupungukiwa sauti katika meza ya maamuzi, iwe ni meza ya wahandisi au ya familia.

Kuchukua linalotosha

Njia ya tano haitafuti kilicho bora kabisa. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza katika miaka ya 1950 kwamba binadamu hana muda wala taarifa za kulinganisha kila kitu, kwa hiyo hujiwekea kiwango kinachotosha kwa kila lengo na kuchukua chaguo la kwanza linalovifikia vyote. Waswahili walisema mapema zaidi kwamba mtaka yote hukosa yote.

Njia nne zilizotangulia zina sharti moja lililojificha, nalo ni kwamba machaguo yote yako mezani kwa wakati mmoja. Soko la nyumba la Dar es Salaam haliendi hivyo. Dalali anakuonyesha nyumba leo mchana, anakuambia kuna mtu mwingine anakuja jioni na fedha mkononi, na mara nyingi anasema kweli. Ukienda nyumbani kuchora mpaka wa Pareto, kesho nyumba ina mpangaji. Kwa machaguo yanayokuja moja moja na yasiyosubiri, kiwango kinachotosha ndiyo njia pekee ya busara, mradi kiwango kiandikwe kabla ya kutoka nyumbani. Kiwango kinachowekwa ukiwa umesimama sebuleni mwa nyumba uliyoipenda si kiwango tena.

Kuna swali la wakati wa kukishusha. Kama wiki kadhaa zimepita na hakuna nyumba iliyofikia viwango vyote, kimojawapo hakiendani na soko. Hapo kishushwe kiwango cha lengo linalobadilishika, kama dakika au kodi, kwa hatua ndogo, na kiwango cha mafuriko kiachwe palepale kilipo. Ukienda kuangalia nyumba wakati wa kiangazi, waulize majirani, si dalali, na uangalie alama ya maji ukutani na urefu wa kizingiti cha mlango, kwa sababu vizingiti vilivyoinuliwa hadi magotini havikujengwa kwa urembo.

Ipi kwa nani

Kwa familia inayopanga au kununua, ningeanza na sharti moja au mawili yasiyovukwa, nifute vilivyozidiwa, kisha nitumie mabadilishano ya fedha kwa saa kati ya viwili au vitatu vilivyobaki. Kama nyumba zinakuja moja moja, mabadilishano hayo hufanywa mapema ili kupata viwango, halafu linalotosha huchukuliwa bila majuto. Kwa kamati ya zabuni au ya ajira, alama zenye uzito uliotangazwa, zikitanguliwa na vigezo vya kupita au kutopita, na zikieleza wazi alama 0 na alama 100 zinamaanisha nini ili mshiriki mmoja wa ziada asipindue mpangilio. Kwa msanifu, mpaka wa Pareto kwanza, na nguvu nyingi ziende katika kuusogeza kabla ya kugombania nafasi ndani yake. Ngazi ibaki kwa dharura.

Pale wanaoamua ni wawili au zaidi, kila mmoja aandike viwango vyake peke yake kabla ya kukaa pamoja. Wanandoa wengi hugundua kwamba hawakutofautiana katika umuhimu wa kodi, bali mmoja alidhani Kigamboni ni dakika 40 na mwingine akadhani ni 100. Tofauti ya namna hiyo humalizwa kwa kusafiri njia hiyo asubuhi ya siku ya kazi, si kwa kubishana.

Na kama baada ya yote hayo Kimara na Kigamboni zinabaki karibu sawa, kiasi kwamba kubadilisha makadirio kidogo kunabadilisha jibu, hesabu haina la kuongeza. Uliza basi ipi ni rahisi kuihama. Mwenye nyumba anayekubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita anakupa nafasi ya kusahihisha uamuzi kwa nusu ya gharama, na kati ya mbili zinazokaribiana ningechukua hiyo.